Kijana Yuko Kwenye Unga: Umfichie, Umtoe, au Umwekee Mipaka?

Kwa miaka tisa nililala na funguo ndani ya foronya: ya kabati, ya genge, ya chumba tunachoweka mtungi wa gesi. Mwanangu wa kwanza ni mtu mzima, ameshapita miaka thelathini, na unga, yaani heroini, ulimchukua akiwa fundi umeme anayetafutwa mtaa mzima. Namwandikia mzazi ambaye saa nane za usiku yuko macho akisikiliza geti. Nilipokuwa katika hali hiyo nilitafuta mtu wa kunieleza njia zilizopo zinatofautiana vipi. Niliowapata waliniambia nisali, au nimfukuze, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwanza lile swali linalotunyima usingizi kuliko geti: nilikosea wapi? Heroini ya kwetu kwa miaka mingi imetoka hasa kwenye mashamba ya afyuni ya Afghanistan, inafikishwa pwani ya Makran kule Iran na Pakistani, inapakiwa majahazini, na tangu miaka ya 1980 imekuwa ikishushwa kwenye mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Imefika hadi kijiwe cha nyuma ya nyumba yangu hapa Temeke. Makosa ya malezi ninayo, na wewe huenda unayo yako, lakini safari hiyo hatukuipanga sisi. Nalisema hili mapema kwa sababu mama anayejiona mkosaji hachagui njia. Anakuwa analipa faini tu, kila siku, na faini haiishi.

Njia nitazipima kwa vitu vitatu. Wewe unalala? Fedha yako inaishia wapi? Na siku mwanao akitaka kurudi, atakuta pa kurudia? Juu ya hivyo naweka kipimo kimoja kikubwa kuliko vyote: je, njia hii unaweza kuishika miaka mitano bila kumchukia mwanao? Ugonjwa huu ni wa miaka. Njia inayokumaliza ndani ya miezi sita haifai hata kama inapendeza.

Kumfichia na kumlipia

Hii ndiyo ilikuwa njia yangu. Nililipa deni la simu ya jirani, nikakomboa redio ya dada yake kwa muuza vyuma, nikawaambia ndugu wa Morogoro kwamba hakuja msibani kwa sababu ana malaria. Watu wanadhani mama anafanya hivi kwa ujinga. Hapana. Mama anafanya hivi kwa sababu ameiona arosto.

Asiyeijua, nimweleze. Aliyezoea heroini akikosa, yakipita masaa manane hadi ishirini na manne tangu atumie mara ya mwisho, mwili unaanza kudai. Machozi yanamtoka, kamasi, tumbo linasokota, mifupa inauma, anatetemeka kwa baridi ndani ya jua la Dar es Salaam. Haigizi. Anaumwa kweli, na anaumwa mbele ya mtu aliyemzaa, na elfu tano iliyo kwenye upindo wa khanga inaweza kuyakatisha yale maumivu ndani ya dakika chache. Nani asiyetoa?

Kwa hiyo njia hii inatoa usingizi, lakini ni wa usiku mmoja. Kesho yake anarudi, na sasa anajua upindo upo wapi. Fedha inaishia kwa muuza kete, vile vipakiti vya unga. Mlango wa kurudi upo wazi kabisa, isipokuwa hana sababu ya kurudi kwa kuwa hajawahi kuondoka. Unga na nyumba vimekuwa kitu kimoja. Na chuki inakuja polepole. Ilikuwa mwaka wa nne nilipogundua kwamba nikisikia hatua zake sebuleni nakunja uso.

Lakini sikubaliani na wanaosema kila msaada ni kumharibu. Sahani ya wali haijawahi kumuua mtu. Mimi siku hizi najiuliza swali moja kabla ya kutoa: hiki ninachotoa, kinarahisisha kesho ya unga au kesho ya matibabu? Chakula, sabuni, kumsindikiza hospitali, hivyo natoa. Noti mkononi, hapana. Uongo kwa ndugu, hapana. Uongo ndio ulionichosha zaidi ya fedha, maana lazima ukumbuke ulimwambia nani nini.

Kumtoa nyumbani

Hii ilikuwa njia ya mume wangu. "Mama watoto, mimi siwezi kulala na mwizi wangu mwenyewe," alisema, na siku ile televisheni ilipoondoka akamtolea begi nje.

Nataka kuwa mwadilifu kwa akina baba, kwa sababu mara nyingi wanalaumiwa. Kuna nyumba ambazo kumtoa ndiyo haki. Kama anapiga watu, kama kuna wajukuu wadogo na sindano zinaokotwa chooni, kama kete zinauziwa ndani, mtu mzima huyo hawezi kuendelea kulala humo, na mama asijilaumu kwa hilo. Usalama wa walio wadogo unatangulia.

Kwetu haikuwa hivyo. Kwetu ilikuwa hasira. Na hiki ndicho nilichokiona: aliyemtoa hakulala vizuri kuliko mimi. Mume wangu alianza kutoka saa kumi na moja alfajiri, akidai anakwenda kununua gazeti, kumbe anapita kwenye vijiwe kuangalia kama mwanawe amelala akiwa hai. Fedha ilibaki nyumbani, ni kweli. Ila mlango ulifungwa pande zote mbili, kwa kuwa kijana aliyetolewa kwa matusi anaona aibu kurudi hata akiwa amepata nafuu.

Mimi nilikuwa na kosa langu hapo. Nilimwambia namnyima radhi. Kwetu neno hilo ni zito kuliko kipigo, na mtu anayeamini kwamba hana radhi za mama yake haoni sababu ya kupona. Nililirudisha neno langu mbele ya mashahidi wawili, shangazi yake na jirani, na silirudii tena. Kama ni lazima atoke, atoke kwa maneno machache ya utulivu, aelezwe ni kitu gani kikitokea anaweza kurudi, na ajue nani katika ukoo atampokea simu. Kumtoa nyumbani na kumtoa moyoni ni mambo mawili.

Ndugu wa njia hii ni kumpeleka kijijini. Tulijaribu. Alikaa kwa bibi yake miezi minne, akalima, akanenepa, tukashukuru. Aliporudi mjini, kiasi kilekile alichokuwa amekizoea zamani nusura kimuue, kwa sababu mwili uliokaa bila unga hauuwezi tena mzigo wa zamani. Sikulijua hilo. Laiti ningelijua ningekuwa macho wiki ile ya kwanza badala ya kusherehekea.

Na wapo wanaomfungia chumbani, wengine kwa mnyororo, wakingoja arosto iishe. Arosto ya heroini huchukua kama siku nne hadi kumi, na anayetapika na kuhara bila maji anaweza kupata hatari kubwa humo ndani. Akitoka yuko kama yule wangu wa kijijini: kiu ipo, uwezo wa mwili kuhimili unga haupo. Kama mwanao ni mlevi wa pombe kali wa miaka mingi, usithubutu kabisa. Kuachishwa pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na kunaua. Huyo anapelekwa hospitali akaachishwe taratibu chini ya daktari.

Mipaka yenye mlango

Njia ya tatu nilifundishwa na muuguzi mmoja, tukiwa tumekaa kwenye benchi, kwa maneno rahisi. Baadaye nikaja kujua kwamba ina jina na imepimwa. Marekani, katika jimbo la New Mexico, Robert Meyers na wenzake walitengeneza mafunzo ya familia yanayoitwa CRAFT. Mzazi au mke anafundishwa kuzungumza na mgonjwa saa ambayo hajatumia, kumpa mema yanayoonekana akiwa msafi, kuyaondoa kimyakimya akiwa ametumia, kuacha kumwokoa na matokeo ya matendo yake, kukwepa hatari, na kurudisha maisha yake mwenyewe yaliyosimama.

Mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliowagawa katika makundi matatu ndugu 130 wa walevi waliokuwa wamekataa kabisa matibabu. Waliofundishwa CRAFT waliweza kuwaingiza wagonjwa wao kwenye matibabu katika asilimia 64 ya familia. Walioandaliwa kumkalisha mgonjwa kikao cha ukoo na kumweleza makosa yake, asilimia 30. Walioongozwa kwenye mwenendo wa Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi nitakavyovieleza mbele, asilimia 13. Hao walikuwa walevi wa pombe, na nchi ni nyingine, kwa hiyo usizichukue namba hizo ukazibandika kwenye mlango wako. Lakini zilinifanya niache kuitisha vikao vya ukoo. Tulishamkalisha mara tatu chini ya mwembe, wajomba kumi na moja na yeye, na kila mara alitoka hapo akaenda moja kwa moja kijiweni.

Jambo lililonigusa zaidi katika utafiti ule silo hizo asilimia. Ni kwamba ndugu wenyewe, katika makundi yote matatu, walipata nafuu inayokaribiana: huzuni ilipungua, hasira ilipungua, nyumba zikatulia kidogo. Hata pale ambapo mgonjwa hakukubali matibabu. Yaani utulivu wa mama haukuwa umefungwa kwenye kamba moja na kupona kwa mtoto. Nililisoma hilo mara mbili, nikalia.

Kwetu mipaka iliandikwa kwenye daftari la shule, mistari michache. Fedha haitolewi mkononi na yeyote. Chakula cha jioni kipo, chake ni chake. Geti linafungwa saa nne. Aliyechelewa analala kwa binamu yake, asubuhi anakaribishwa bila masimango. Nauli ya kliniki, anakokunywa methadoni, dawa nitakayoieleza mbele, anashika dada yake. Akiiba, tunaripoti kwa mjumbe, hatulipi. Kazi kubwa haikuwa kumwambia yeye. Kazi kubwa ilikuwa mimi na mume wangu kusema kauli moja, maana mtoto wa unga anaijua nyufa ya nyumba kuliko fundi aliyeijenga. Akikataliwa na baba anakuja kwa mama. Mimi nilikuwa nyufa hiyo.

Wiki za kwanza ni mbaya. Alipiga kelele, alilia, aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Anayeingia njia hii ajue kwamba hali huchafuka kabla ya kutulia, na asianze wakati ana harusi au msiba nyumbani. Ila ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu ambayo nimeweza kuishika zaidi ya miaka mitano.

Na wewe, nani anakushika mkono?

Mipaka bila mtu wa kuzungumza naye huvunjika. Hapa nako kuna uchaguzi.

Al-Anon ilianzishwa Marekani mwaka 1951 na wake wa walevi. Mmoja wao, Lois, alikuwa mke wa mmoja wa waasisi wa chama cha walevi wanaotaka kuacha. Ndugu wa watumiaji wa dawa za kulevya wana chao, Nar-Anon. Hakuna ada, majina kamili hayatajwi, na vikao vingine vinafanyika mtandaoni. Wanafundisha kwamba hukuusababisha ugonjwa, huwezi kuutawala wala kuuponya. Ukiwa unahitaji kusikia "hata mimi", hapo ni mahali pako. Ugumu wake kwetu ni lugha, na aibu ya kufungua kinywa mbele ya wasiokujua. Sisi akina mama watano tunaokutana kliniki tumekuwa tukikaa pamoja baada ya dozi za asubuhi, kila mmoja na chupa yake ya chai. Hatuna jina. Inatosha.

Mshauri nasaha au afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya wilaya anafaa zaidi kama wewe mwenyewe umeanza kuumwa. Usingizi umekata wiki mbili mfululizo, chakula hakina ladha, unawaza kufa: hiyo ni sonona, ina tiba, na usiichukulie kuwa ni sehemu ya uzazi. Presha yangu ilifika mahali daktari akaniuliza kama nataka kumtangulia mwanangu.

Viongozi wa dini nao wanatofautiana sana. Kuna aliyetuambia ni jini, akachukua fedha mara nne na kutaka aache dawa za hospitali. Huyo mkimbie. Lakini shehe wetu wa mtaani alinisimulia kisa cha Nabii Nuhu ambacho nilikijua tangu chuoni, nikakisikia upya. Alimwita mwanawe apande safina. Alimwita kwa huruma, mpaka wimbi likapita kati yao. Hakuacha kumwita, na hakushuka kwenye safina. Jirani yangu Mkristo ana baba wa mwana mpotevu, ambaye hakumfuata mtoto nchi ya mbali kumlipia madeni, wala hakuacha kutazama njia, ndiyo maana alimwona akiwa bado yuko mbali. Tulikaa uani tukivilinganisha visa hivi hadi magharibi.

Methadoni au soba hausi?

Hili ni la mwanao, lakini litaamua usiku wako utakuwaje, kwa hiyo nalo tulilinganishe.

Methadoni ni dawa ya kunywa mbele ya muuguzi kila siku. Inadumu mwilini muda mrefu, hivyo dozi moja inazuia arosto kwa siku nzima, na mtu anaweza kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala, hapa Temeke na mikoa mingine. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Mathari mwaka 2014, na mwambao ipo Malindi na Kisauni. Katika kliniki za serikali huku kwetu haiuzwi. Gharama ni nauli na asubuhi zako, kwa miaka. Majirani watakuambia amehama unga kaingia unga mwingine. Wajibu kwamba mwenye kisukari naye anachoma sindano kila siku na hakuna anayemwita teja. Kwa mama, methadoni ina maana kwamba mtoto yuko nyumbani, unamwona, na wasiwasi unagawanyika katika vipande vidogo vya kila asubuhi: ameenda, hajaenda.

Soba hausi ni nyumba anayokaa miezi kadhaa bila kutumia chochote, pamoja na walioacha. Nyingi zinataka malipo ya mwezi, na zinatofautiana sana. Kabla ya kulipa, omba kuona kwa macho: tazama vyumba, uliza kama kuna muuguzi, uliza wanafanya nini mtu akikataa, uliza kama mzazi anaruhusiwa kumwona mwanawe peke yao. Wakikwepa swali hilo la mwisho, ondoka. Faida kwa mama ni kubwa: unalala, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Hatari ipo siku ya kutoka, ileile ya kijijini. Mwili umesahau, kete haijasahau.

Kwa heroini mimi ningeanza na methadoni. Kwa pombe, bangi au kokeini methadoni haisaidii kitu, na huko soba hausi au hospitali ndiyo mahali pa kuanzia. Aliyefaulu soba hausi mara moja akarudia unga, asione aibu kwenda kliniki.

Njia yoyote utakayochukua, jifunze hili, kwa kuwa ndilo lililonipa amani kuliko ushauri wote. Ukimkuta hashtuki ukimwita na kumbinya, anakoroma kwa shida au pumzi zimekuwa chache, midomo imegeuka rangi, amezidisha. Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini ili asipaliwe, usimwache peke yake, tafuta usafiri wa hospitali mara moja na useme ametumia nini bila kuficha. Wana dawa inayoitwa naloksoni ya kuuzindua mwili. Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure 119; Kenya, NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana 1192. Hizo ni za kuuliza na kuelekezwa; mtu akiwa hapumui vizuri, ni hospitali kwanza.

Mwanangu bado yuko kwenye dozi. Mwaka jana aliteleza wiki tatu, akarudi mwenyewe. Funguo nimezihamisha kutoka kwenye foronya, ziko kwenye msumari nyuma ya mlango. Jana usiku alichelewa. Saa nne nilifunga geti, nikampigia binamu yake kumwambia anaweza kuja kulala, nikaiweka sahani yake mezani, nikaifunika kawa, nikalala.